Jiwe Lichemkalo Ndani ya Bomba la Moshi

Katika uchafu wote utokao kwenye bomba la moshi la lori la dizeli, oksidi za nitrojeni ndizo ngumu kuliko zote kuzuiwa, na sababu ya ugumu huo ni kwamba hazitokani na uchafu wa mafuta. Masizi hutokana na mafuta yasiyoungua vizuri, na gesi za salfa hutokana na salfa iliyomo ndani ya mafuta, kwa hiyo anayesafisha mafuta na kuboresha uunguaji hupunguza vyote viwili. Lakini oksidi za nitrojeni huzaliwa na hewa yenyewe, hewa hii hii ambayo asilimia 78 yake ni nitrojeni tulivu isiyomdhuru mtu. Molekuli ya nitrojeni ni atomu mbili zilizoshikana kwa mikono mitatu kila moja, na mshikano huo ni mmojawapo wa ile iliyo imara kabisa katika kemia, hata katika joto la kawaida oksijeni haiwezi kuuvunja. Ndani ya silinda ya injini, mwali unapopita nyuzi joto 1,500 za Selsiasi hivi, mshikano huo huanza kufumuka, atomu za nitrojeni hudakwa na oksijeni, na gesi iitwayo nitriki oksidi huundwa, ambayo baadaye hujiongezea oksijeni na kuwa nitrojeni dioksidi, gesi ya rangi ya kahawia yenye harufu kali. Wanakemia huziita gesi hizi mbili kwa alama moja, NOx. Matokeo yake ni kwamba injini iunguzayo mafuta kwa joto kubwa, yaani ile inayoyatumia vizuri zaidi, ndiyo hutoa NOx nyingi, na fundi akilipunguza joto la mwali ili kuzizuia, masizi huongezeka.

Madhara ya gesi hizo hayana ubishi. Nitrojeni dioksidi huwasha njia za hewa na kuzidisha pumu, hasa kwa watoto, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha wastani wa mwaka unaopendekezwa kutoka mikrogramu 40 hadi 10 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Jua linapozipiga gesi hizo zikiwa zimechanganyika na mvuke wa mafuta, ozoni hutengenezwa karibu na ardhi. Arie Haagen-Smit, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi California, ndiye aliyelibainisha jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipochunguza ukungu mchafu wa Los Angeles. Ozoni iliyo juu sana angani huwakinga viumbe na miale mikali ya jua, lakini iliyo chini huunguza majani ya mazao na kuumiza mapafu. Sehemu nyingine ya NOx hugeuka kuwa asidi ya nitriki, ambayo ama hushuka na mvua au huungana na amonia ya mashambani na kuwa vumbi laini lisiloonekana kwa macho.

Kwa hesabu za nishati, nitriki oksidi ikishapoa ingepaswa kurudi yenyewe kuwa nitrojeni na oksijeni, kwa kuwa hiyo ndiyo hali ya utulivu zaidi. Ila haina njia ya kufika huko, kama maji ya bwawa la mlimani ambayo yangeshuka bondeni laiti yangepata mfereji. Kichocheo ni kitu kinachouchimba mfereji huo, yaani kitu kinachorahisisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuliwa na badiliko hilo. Katika magari ya petroli mfereji ulipatikana tangu miaka ya 1970, kwa kutumia platinamu, paladiamu na rodiamu, metali adimu za bei kubwa zinazopakwa juu ya kauri yenye matundu mengi. Injini hiyo huchanganya petroli na hewa kwa uwiano unaomaliza vyote viwili, kwa hiyo ndani ya moshi wake oksijeni huwa haba, na kaboni monoksidi iliyobaki huinyang'anya nitriki oksidi oksijeni yake. Injini ya dizeli haifanyi kazi hivyo. Huvuta hewa nyingi kuliko mahitaji ya mafuta yake, jambo linaloisaidia kwenda mbali kwa lita chache, na moshi wake hutoka ukiwa bado umejaa oksijeni. Kaboni monoksidi na masalia ya mafuta, yakiikuta oksijeni huru tele, hayana haja ya kuipigania ile iliyofungwa ndani ya nitriki oksidi. Rodiamu, pamoja na thamani yake yote, haisaidii kitu hapo.

Kilichohitajika ni mnyang'anyi mwenye kuchagua, ambaye atapita katikati ya oksijeni huru bila kuishughulikia, akaitafute nitriki oksidi peke yake. Mnyang'anyi huyo ni amonia. Juu ya kichocheo kinachofaa, molekuli nne za nitriki oksidi hukutana na molekuli nne za amonia na moja ya oksijeni, na kinachotoka ni molekuli nne za nitrojeni na sita za maji, vitu viwili ambavyo hewa ya kila siku tayari inavyo. Katika kila molekuli ya nitrojeni inayozaliwa hivyo, atomu moja imetoka kwenye nitriki oksidi na nyingine kwenye amonia, hivyo kwamba uchafu huo unazimwa kwa kuozeshwa na ndugu yake. Japani ilianza kutumia njia hii kwenye mitambo ya umeme katika miaka ya 1970, ikitumia kichocheo cha oksidi ya vanadiamu iliyotandazwa juu ya oksidi ya titani, na kichocheo hicho hicho ndicho kilichoingizwa baadaye kwenye malori ya Ulaya.

Kwa kuwa amonia ni gesi ya sumu isiyofaa kubebwa barabarani, lori hubeba urea, ile ile ambayo mkulima huinyunyizia mahindi, ikiwa imeyeyushwa katika maji yaliyoondolewa madini yote kwa kiwango cha asilimia 32.5. Kiwango hicho hakikuchaguliwa ovyo, kwani ndicho kinachouwezesha mchanganyiko kustahimili baridi kuliko kiwango kingine chochote, ukiganda kwenye nyuzi joto 11 chini ya sifuri. Madereva huujua kwa jina la biashara la AdBlue. Pampu ndogo huupuliza ndani ya bomba la moshi, joto huupasua, na amonia hutoka. Anayedhani kwamba urea ya mfuko wa mbolea na maji ya bomba vitafanya kazi ile ile hukosea sana, kwa sababu kalisi na sodiamu zilizomo kwenye maji hayo hukaa juu ya kichocheo na kukiua polepole.

Vanadiamu ilikuwa na kasoro iliyoonekana pale malori yalipofungwa chujio la masizi. Chujio hilo huziba, na kila baada ya muda injini hulichoma ili masizi yaungue, joto likipanda hadi nyuzi 600 na zaidi; katika joto hilo oksidi ya titani hubadili umbo na kusinyaa, nayo vanadiamu, ambayo ni sumu, huweza kugeuka mvuke na kutoroka. Kikatafutwa kichocheo kitakachovumilia moto wa chujio kikiwa palepale bombani, na hapo ndipo zeolaiti zilipoingia.

Mwaka 1756 mtaalamu wa madini wa Uswidi, Axel Fredrik Cronstedt, alilipasha moto jiwe fulani akaliona likitoa mvuke na kutokota kana kwamba linachemka, akaliita kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kuchemka na jiwe, ndipo likapatikana jina zeolaiti. Maji aliyoyaona yakitoka hayakuwa sehemu ya jiwe lenyewe, bali yalikuwa yamekaa ndani ya matundu yake, na yakishatoka jiwe hubaki na umbo lake, tayari kuyapokea tena au kupokea kitu kingine. Zeolaiti hujengwa kwa silikoni, alumini na oksijeni, vitu ambavyo ndivyo vilivyojaa katika udongo na mchanga, lakini vimepangwa kwa utaratibu ambao udongo hauna: kila atomu ya silikoni au alumini huzungukwa na nne za oksijeni, kila ya oksijeni huwaunganisha majirani wawili, na mpangilio huo unapojirudia pande zote huacha vyumba na vichochoro vya upana usiobadilika. Mfano ulio karibu ni Mji Mkongwe wa Unguja, ambako mwenye miguu na mwenye baiskeli hupita katikati ya nyumba lakini lori haliwezi hata kuingiza pua. Ndani ya zeolaiti kipimo cha kichochoro huhesabiwa kwa sehemu za nanomita, nanomita moja ikiwa milimita iliyogawanywa mara milioni moja, na kuta zake ni nyingi kiasi kwamba zeolaiti inayozungumziwa hapa, gramu yake moja tu, ina eneo la ndani la zaidi ya mita za mraba 500, eneo linaloupita uwanja wa mpira wa kikapu.

Jambo la pili, ambalo kwa kazi hii ndilo kubwa zaidi, ni kwamba kuta hizo zina chaji ya umeme. Silikoni ina mikono minne ya kuungana na wenzake, alumini ina mitatu, na kila mahali ambapo alumini imechukua nafasi ya silikoni ukuta hubaki na chaji hasi moja ambayo lazima ilinganishwe na mgeni mwenye chaji chanya. Mgeni huyo, ambaye wanakemia humwita ayoni, hakujengewa ukutani, kwa hiyo anaweza kuondolewa na mwingine akaingia. Zeolaiti yenye sodiamu ikilowekwa katika maji yenye chumvi ya shaba, sodiamu hutoka na shaba huingia, kisha unga huoshwa na kukaushwa kwa moto. Hivyo ndivyo metali inavyopakiwa, na uzuri wake ni kwamba shaba haikai humo kama bonge, ambalo atomu zake za ndani hazigusi kitu, bali kama atomu mojamoja zilizotawanyika vyumbani, kila moja ikifikiwa na gesi na kila moja ikifanya kazi. Asilimia mbili au tatu za uzito zatosha, na shaba si rodiamu: ni metali ya sufuria na nyaya, ambayo machimbo ya Katanga na ya Zambia yameitoa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Hata hivyo shaba peke yake haikutosha, na historia ya miaka ishirini na zaidi iliyofuata ni historia ya kutafuta nyumba ya kuiweka. Mwaka 1986 Masakazu Iwamoto na wenzake nchini Japani walitangaza kwamba shaba ikiwekwa ndani ya zeolaiti iitwayo ZSM-5, iliyobuniwa na kampuni ya mafuta ya Mobil, huweza kuitenganisha nitriki oksidi moja kwa moja kuwa nitrojeni na oksijeni bila msaada wa kitu kingine. Maabara nyingi za dunia ziliacha kazi nyingine zikaikimbilia hiyo. Karibu na mwaka 1990 watafiti wa Japani na wa Ujerumani walionyesha tena kwamba kichocheo hicho hicho huweza kutumia masalia ya mafuta kuinyang'anya nitriki oksidi oksijeni yake hata katika moshi uliojaa oksijeni, na ikaonekana kwamba dizeli imepata dawa yake bila kuhitaji tangi la urea. Kilichowashinda ni mvuke wa maji. Moshi wa injini yoyote una mvuke mwingi, kwa sababu haidrojeni ya mafuta ikiungua huwa maji, na mvuke huo ukiwa na joto la nyuzi 600 au 700 huing'oa alumini ukutani. Alumini ikishatoka, shaba hukosa pa kushikilia, hutangatanga, hujikusanya kuwa mabonge, na nyumba yenyewe huanza kubomoka. Zaidi ya hayo, vichochoro vya ZSM-5 vina upana wa takriban nanomita 0.55, upana unaoruhusu molekuli nyingi za mafuta yasiyoungua kuingia, kuganda na kuziba njia, na yakishika moto ndani humo huiunguza zeolaiti kutoka ndani. Chuma kilijaribiwa badala ya shaba, nacho kikafaulu vizuri katika joto la juu ya nyuzi 400, lakini kikawa mvivu katika moshi wa lori lililo kwenye foleni.

Nyumba iliyofaa ilikuwa imekwisha kujengwa, ila hakuna aliyekuwa ameijaribu kwa kazi hiyo. Stacey Zones, mwanakemia wa kampuni ya Chevron nchini Marekani, alikuwa ametengeneza zeolaiti iitwayo SSZ-13 ambayo hataza yake ilitolewa mwaka 1985. Mpangilio wa atomu zake ni ule ule wa madini ya asili yaitwayo chabazaiti: vyumba vikubwa kiasi, lakini milango yake imezungukwa na atomu nane tu za oksijeni na upana wake ni takriban nanomita 0.38. Mlango huo huruhusu amonia, nitriki oksidi, oksijeni, nitrojeni na maji, na huzizuia molekuli nene za mafuta zibaki nje. Mwaka 2009 kampuni ya BASF ilipata hataza ya kutumia shaba ndani ya zeolaiti za umbo hilo pamoja na amonia, na mwaka uliofuata watafiti wa maabara ya taifa ya Marekani iitwayo Pacific Northwest walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba shaba ndani ya SSZ-13 hufanya kazi vizuri kuliko ndani ya ZSM-5 na pia huzaa uchafu mdogo wa pembeni. Ni mwaka huo huo wa 2010 ambapo sheria ya Marekani iliyobana mno NOx za malori ilianza kutumika kikamilifu, na vichocheo vya aina hii vikaingia barabarani.

Udogo wa mlango hueleza pia jambo ambalo mwanzoni liliwashangaza wahandisi, yaani uwezo wa kichocheo hicho kustahimili mvuke wa nyuzi joto 750 na zaidi kwa saa nyingi. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mvuke huing'oa alumini hapa kama kwingineko, lakini alumini iliyong'olewa hushikana na maji na kuwa molekuli yenye unene wa karibu nusu nanomita, ambayo haiwezi kupita kwenye mlango wa nanomita 0.38. Imefungiwa ndani ya chumba chake, na joto likishuka hurudi ukutani ilikotoka. Katika ZSM-5 mlango ni mpana, alumini hutoka, na haionekani tena. Tofauti ya chini ya sehemu mbili za kumi za nanomita ndiyo iliyoamua ni nyumba ipi ifae kwa malori ya dunia nzima, na katika sayansi ya vichocheo ni vigumu kutaja mfano mwingine ambapo kipimo kidogo hivyo kilizaa matokeo makubwa hivyo.

Shaba yenyewe iliwaletea watafiti fumbo la aina nyingine. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kila ayoni imekaa mahali pake ukutani na gesi ndizo zinazoifuata, lakini ilionekana kwamba katika joto la chini, nyuzi 200 hivi, kasi ya kazi haikui sambamba na wingi wa shaba bali hukua haraka zaidi, kana kwamba ayoni moja haiwezi kuimaliza kazi bila mwenzake. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa vyuo vikuu vya Notre Dame na Purdue na wenzao lilieleza sababu. Amonia inapoingia chumbani, molekuli zake mbili huishika shaba kila upande na kuibandua ukutani, na shaba iliyobanduliwa hivyo huelea, ikiweza hata kupita mlangoni kuingia chumba cha jirani, ingawa haiendi mbali kwa kuwa chaji hasi ya alumini yake huivuta kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi. Ayoni mbili zikikutana katika chumba kimoja huikamata molekuli ya oksijeni na kuigawana, zisipokutana, husubiri. Maelezo hayo yalibadili namna ya kutengeneza kichocheo, kwa kuwa sasa haitoshi kuhesabu shaba ni kiasi gani, bali lazima kuangalia vigingi vimepandwa karibu kiasi gani.

Kuhusu utengenezaji hakuna mengi ya kusema. Silika, alumini na magadi makali huchanganywa na molekuli ya kikaboni ambayo chumba hujengwa kuizunguka, kama fundi aundavyo tao la mlango kwa kulishikilia na mbao. Mchanganyiko hupikwa katika chombo kilichofungwa kwa siku kadhaa, molekuli ile huchomwa itoke, shaba hupakiwa, na unga hupakwa ndani ya tofali la kauri lenye matundu kama sega la nyuki. Molekuli hiyo ya kikaboni ni ghali, na ndiyo sehemu kubwa ya gharama ya SSZ-13.

Afrika Mashariki inalo umbile hilo la chabazaiti katika miamba yake. Mwanajiolojia Mmarekani Richard Hay, aliyechunguza kwa miaka mingi tabaka za Bonde la Olduvai, ambalo Wamaasai huliita Oldupai, alieleza jinsi majivu ya volkeno yalivyoangukia ziwa la kale lenye maji ya chumvichumvi na magadi na kugeuka kuwa zeolaiti za aina kadhaa, chabazaiti ikiwa miongoni mwao, na zeolaiti nyingine zimepatikana katika tabaka zinazolizunguka Ziwa Magadi nchini Kenya. Haifuati kwamba lori laweza kufungwa jiwe la Olduvai. Chabazaiti ya asili ina alumini nyingi mno ikilinganishwa na silikoni yake, na kila alumini ni mahali ambapo mvuke waweza kuanza kubomoa, ilhali ile ya kiwandani hupunguziwa alumini makusudi mpaka ibaki moja kwa kila silikoni kumi au zaidi. Lakini mwanafunzi wa jiolojia wa Dodoma au Nairobi anayejifunza tabaka hizo angestahili kuambiwa kwamba umbo la vyumba analolisoma katika jiwe la Oldupai ndilo lililomo bombani mwa malori mapya.

Kichocheo hicho hakikosi udhaifu, na udhaifu wake mkubwa ni salfa. Salfa ya mafuta ikiungua huwa gesi inayoingia mlangoni bila shida, na ikiikuta shaba huungana nayo kuwa salfeti ya shaba, ambayo haifanyi kazi tena mpaka ichomwe kwa joto la nyuzi 500 na zaidi. Ndiyo maana Ulaya, kabla ya kulazimisha malori yafungwe vifaa hivi, ilihakikisha kwanza kwamba dizeli haizidi miligramu 10 za salfa kwa kilo. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilipokubaliana kutumia dizeli isiyozidi miligramu 50 kuanzia Januari 2015, zilipiga hatua inayostahili sifa, kwa kuwa bila hiyo hakuna kichocheo cha kisasa ambacho kingedumu. Kiwango hicho bado kilikuwa mara tano ya kile cha Ulaya. Udhaifu wa pili ni baridi ya bomba: chini ya nyuzi joto 200 hivi urea haipasuki vizuri bali huganda ukutani kama chokaa, kompyuta ya gari huifunga pampu, na lori linalokwenda na kusimama mjini hutoa NOx zake bila kizuizi. Watafiti sasa hujaribu kuweka paladiamu ndani ya zeolaiti ile ile ili izidake NOx wakati wa baridi na kuziachia bomba likishapata moto.

Yote hayo yanaonyesha kwamba kichocheo ni pete moja katika mnyororo mrefu, na historia ya karibuni imekwisha kuonyesha mnyororo huo unavyokatika. Kanuni za Ulaya ziliruhusu lori jipya gramu 8 za NOx kwa kila kilowati-saa mwaka 1992, na gramu 0.4 kufikia mwaka 2013, punguzo la mara ishirini ambalo lisingewezekana bila amonia na vichocheo. Lakini Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Volkswagen iliweka ndani ya magari yake madogo ya dizeli programu iliyotambua kama gari linapimwa. Likiwa kwenye kipimo lilijisafisha, likiwa barabarani udhibiti wake ulilegezwa, na katika aina zenye tangi la urea pampu ilipunguziwa kazi. Magari karibu milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Kemia haikushindwa hapo. Ilinyimwa amonia kwa makusudi. Mwaka 2021 China ilipobana uuzaji wa urea nje, Korea Kusini, iliyoagiza karibu yote kutoka huko, ilijikuta malori yake yakikaribia kusimama, kwa kuwa kompyuta zake huyazuia kwenda tangi la urea likiwa tupu, hata ndege ya jeshi ikatumwa Australia kuchukua lita 27,000.

Kwa nchi zinazoagiza magari yaliyokwisha kutumika, mnyororo hukatika mahali pengine. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, karibu asilimia 40 yakija Afrika, na kwamba miongoni mwa yale yaliyokaguliwa kabla ya kuondoka bandarini Uholanzi yamo yaliyokwisha kung'olewa vichocheo. Kwenye malori tatizo ni gumu zaidi, kwa sababu si lazima kitu chochote king'olewe. Mwenye lori aliyechoka kununua urea, au aliyepata gari lenye kihisi kibovu ambacho bei yake inamzidi uwezo, humlipa fundi afunge kijisanduku kinachoiambia kompyuta kwamba pampu inafanya kazi na kwamba moshi ni safi. Lori huenda kwa nguvu zake zote, zeolaiti imo bombani nzima na shaba yake, lakini amonia haiji. Si haki kumtupia dereva lawama zote, kwa kuwa aliuziwa mtambo uliobuniwa kwa nchi yenye urea katika kila kituo cha mafuta na yeye anasafiri njia ndefu ambazo vituo vingi havina.

Lori kama hilo halikamatwi kwa macho. Nitriki oksidi haina rangi, na chujio la masizi likiwa zima moshi wake hutoka mweupe au hauonekani kabisa, hivyo kwamba kipimo cha weusi wa moshi, ambacho ndicho hutumika zaidi barabarani, hulipitisha kama gari safi na kulizuia lori la jirani lililo kuukuu, linalotoa masizi lakini pengine NOx chache kuliko hilo. Kusoma namba ya kihisi kwa kompyuta hakutoshi pia, maana kijisanduku hudanganya huko huko. Mkaguzi asiye na kipimo cha gesi anaweza kuanza na lililo jepesi kabisa, la kukifungua kile kifuniko cha buluu cha tangi la urea, kilicho karibu na tangi la mafuta, akatazama kama ndani mna maji ya urea au mna vumbi.